Sera Tuliyoijaribu Jumapili

Vijana mnaoandika sera za ulinzi wa mashine, mmeniomba mara tatu kwenye ile grupu yenu ya simu niwaandikie "tips". Tips sina. Nina makosa, na hayo ni mali yangu mwenyewe, niliyachuma moja moja katika chumba cha seva cha kiwanda cha chai ambacho sitakitaja jina. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Sosiot na ng'ombe wanne na vichaka vyangu vya chai, na nikishamaliza kukamua nina muda wa kutosha kuwasema. Kaeni chini.

Kwanza niwasaidie wazazi wenu, maana najua hamjawahi kuwaeleza mnafanya kazi gani. Kwenye kompyuta ya kawaida, mwenye faili ndiye anayeamua nani aifungue. Kwenye ulinzi wa lazima haamui yeye. Kila programu na kila faili ina lebo, na kiini cha mfumo kina sera inayosema lebo hii inaweza kugusa lebo ile, kwa namna hii, basi. Kisichoandikwa kinakataliwa, hata akikiomba msimamizi mkuu. Kiwandani tulikuwa na askari wa geti aliyepewa orodha ya watu wa kuingia bohari. Siku moja alimzuia meneja mwenyewe kwenye mvua ya mawe, akamwonyesha orodha, na meneja akasimama pale akilowa. Watu walicheka wiki nzima, lakini yule askari alikuwa ameielewa kazi yangu kuliko wengi wenye digrii.

Mimi nilikuwa naandika sera za klasta, yaani mashine mbili zinazofanya kazi kama moja, ili moja ikianguka ya pili ichukue kazi. Aliyenifundisha ni marehemu Mzee Langat, mtu wa Bomet, mpole, miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja.

Sera yangu ya kwanza niliiandika kwa ile njia ya uvivu ambayo hata nyinyi mnaijua. Unaiweka mashine katika hali ya kusikiliza, ambapo haikatazi kitu, inaandika tu kwenye logi, daftari lake la matukio, kwamba hili ningelikataza. Halafu kuna chombo kinachogeuza kila ukatazo kuwa ruhusa. Nilifanya hivyo wiki moja, nikapata kurasa kumi na moja, nikampelekea Mzee nikiwa nimevimba kichwa. Alizisoma zote, pole pole, chai yake ikipoa.

"Rael, nani hajaruhusiwa hapa?"

"Mzee, kila kitu inafanya kazi."

"Najua inafanya kazi. Nauliza nani hajaruhusiwa."

Akanirudishia karatasi zangu. "Hii si sera," akasema. "Hii ni karibu chai."

Tangu siku hiyo kila ruhusa niliyoandika ilikuwa na sababu yake pembeni, kwa maneno ambayo hata karani wa mizani angeyaelewa. Nikishindwa kuandika sababu, ruhusa inatoka. Zile kurasa kumi na moja zilibaki mbili. Na Mzee alinifundisha nisijaribu tu kwamba kinachoruhusiwa kinapita, bali nijaribu pia kwamba kinachokatazwa kinakataliwa kweli. Wengi wenu hiyo nusu ya pili hamuifanyi. Msibishe, nimeona kazi zenu.

Kosa jingine lilinipata nikiwa tayari najiona fundi. Nilijaribu programu moja kutwa nzima, nikiianzisha kwa mkono wangu, nikiizima, nikiianzisha tena, na kila mara ilikuwa sawa. Kesho yake asubuhi stima ikapotea, ikarudi, mashine ikaamka yenyewe, na kila kitu kikakataliwa. Sababu ni kwamba programu ukiianzisha wewe inatembea na lebo yako, na lebo yangu ilikuwa inafungua milango yote. "Jana ilikuwa imeshikwa mkono na mama yake," Mzee Langat akaniambia. Kuanzia hapo nikitaka kujaribu, nawasha mashine upya, nakunja mikono na sigusi kitu.

Na tafadhali, msihamishe faili ovyo. Faili ukiihamisha kutoka folda moja hadi nyingine, inakwenda na lebo yake ya zamani. Ukiinakili, inapata lebo ya pale ilipofika. Ng'ombe ukimnunua soko la Kapkatet, sikio lake bado lina alama ya boma alikotoka, hata umlishe nyasi yako miaka mitano. Mimi nilipoteza siku mbili kwa faili moja ya mipangilio iliyokuwa na sikio la wengine.

Hayo ni makosa ya kucheka. Kuna moja ambalo silicheki, nalo lilinipatia barua ya onyo mwaka wangu wa mwisho kazini. Barua ninayo kabatini, na siioni kama ya uonevu.

Kwetu Jumapili chai haichumwi. Watu wako kanisani, malori yamelala, na kiwanda kinafanya usafi na matengenezo. Kwa hiyo majaribio yote ya klasta tuliyafanya Jumapili. Nilikuwa natoka ibadani na nguo zangu nzuri, naingia moja kwa moja chumba cha seva na Biblia bado iko kwenye mkoba. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini, hata mimi. Klasta ile ndiyo iliyoendesha mizani ya majani mabichi, na kuisumbua mizani siku ya kazi, wakati malori yamepanga foleni na wakulima wanangoja, tuliona ni kukosa heshima.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Klasta ina sheria moja ngumu. Mashine ya pili haichukui kazi mpaka iwe na hakika kwamba ya kwanza imeachia, kwa sababu zote mbili zikiandika kwenye diski moja, rekodi zinageuka uji. Ya kwanza ikiganda ikakataa kuachia, ya pili inaizimia umeme. Inatuma amri kwa mtandao hadi kisanduku cha soketi kilicho ukutani, nacho kinakata.

Kisanduku hicho kilikuwa chini ya Njoroge, fundi wetu wa umeme. Njoroge alizaliwa Kipkelion. Wazazi wake ndio waliotoka Nyeri, na yeye Kipsigis anakizungumza kuliko watoto wangu, ambao nikiwasalimia "chamgei" wananijibu "poa". Hata hivyo kiwandani walikuwepo waliomwita mtu wa kuja, kwa sauti ya chini, na wakati mwingine si ya chini sana. Alikuwa amefanya kazi pale miaka thelathini na moja na karibu anastaafu.

Jumapili mashine ya kwanza ilikuwa haina kazi. Ukiiambia iachie, inaachia saa ile ile, kwa adabu zote. Ya pili haikuwahi hata mara moja kulazimika kumzimia mwenzake umeme. Basi katika wiki zote za hali ya kusikiliza, logi haikuandika kamwe kwamba programu ya klasta inahitaji kukifikia kisanduku, na kwa vile haikuandika, mimi sikutoa ruhusa. Nikaiwasha sera katika hali ya kulazimisha. Tulipiga makofi, tukanywa soda.

Halafu nikaongeza kosa juu ya kosa. Programu za klasta hugusagusa milango mingi isiyo na maana kwao, na kila zikigusa unaandikwa ukatazo. Bwana Rotich, meneja wetu, alikuwa analetewa barua pepe kwa kila mmoja. Akanipigia simu: "Madam, hii server yako inalia kama mtoto ameachishwa ziwa. Inyamazishe." Kuna namna ya kufanya hivyo halali kabisa: unaandika mstari unaosema kataza, lakini usiandike kwenye logi. Mimi niliandika mistari mipana, bila sababu pembeni, ili tu simu ziishe. Mzee Langat alikuwa ameshatutoka, na ningekuwa naye asingeipitisha.

Ikaja Jumanne moja ya msimu, baada ya mvua, chai imefurika kila kituo. Nilikuwa Bomet kwenye kiwanda kingine. Simu ikalia, ni karani wa mizani.

"Madam, mizani imegoma! Lori saba ziko hapa nje na majani imeanza kuchomeka kwa gunia!"

Nyinyi watoto wa chai hamhitaji kuelezwa. Jani bichi likishindiliwa guniani likakaa juani linapata joto, linakuwa jekundu, na likishakuwa jekundu ni la kutupa. Mashine ya kwanza ilikuwa imeganda katikati ya kupima. Ya pili ilijaribu kuizimia umeme, ikakataliwa, ikabaki inangoja kama sheria inavyotaka. Nilipofika na kuchomoa waya kwa mkono, saa tatu zilikuwa zimepita. Mizigo ya malori mawili ilimwagwa kwenye shimo la mbolea huku wenyewe wakitazama. Mama mmoja aliokota jani jekundu, akalinusa, akalitia mfukoni mwa sweta yake. Sijui alilipeleka kwa nani.

Klasta ilikuwa imeandika: nimeshindwa kukifikia kisanduku cha umeme. Na asubuhi ile ile Njoroge alikuwa ameingia chumba cha seva kubadilisha fyuzi ya taa.

Alhamisi tukaitwa ofisini kwa meneja. Njoroge alikaa na kofia yake magotini.

"Fundi, ulishika nini kule ndani?" Bwana Rotich akamuuliza.

"Mimi nilibadilisha fyuzi tu, bwana meneja. Hiyo box sikugusa. Niliiacha taa yake ikiwa kijani."

"Box haikujibu. Server imeandika yenyewe." Kisha akanigeukia. "Madam Rael, ama ni ile sera yako ilikataza?"

Nikafungua logi ya ulinzi mbele yao. Nikatafuta saa ile, nikatafuta siku nzima. Hapakuwa na ukatazo hata mmoja.

"Logi ni safi," nikasema.

Njoroge alinitazama, kisha akatazama mikono yake. Akaambiwa akae nyumbani mpaka kamati ya nidhamu ikutane juma linalofuata, na kila mtu alijua kamati ile ikikutana huwa imeshaamua. Mlangoni nikasikia mtu akisema, "Hawa watu wa kuja." Nikampita. Nilikuwa namshukuru Mungu kwamba si mimi, na katika yote niliyofanya juma lile, shukrani ile ndiyo inayoniuma zaidi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nakamua. Nina ng'ombe mmoja mkorofi, ukimshika kiwele lazima arushe teke. Siku hiyo alisimama kimya, nikajua papo hapo anaumwa. Nikakaa na ndoo kati ya magoti nikawaza: klasta ile haijawahi kunyamaza siku nzima tangu izaliwe. Iliwezaje kuwa na logi safi siku ambayo kila kitu kilivunjika? Nikakumbuka mistari yangu ya kunyamazisha.

Nilikwenda kiwandani na gumbuti zangu za zizini. Kuna amri moja ya kuondoa unyamazishaji wote. Niliitoa, nikaifanya klasta iamrishe kisanduku, na ukatazo ukatokea hapo hapo, mstari mmoja, umevaa lebo nilizoziandika mimi. Kisanduku kilikuwa kizima. Hakikuwahi kuharibika hata dakika moja.

Andikeni hili mahali: usiape kwamba logi ni safi kabla hujaondoa unyamazishaji wote na kujaribu tena. Na mstari wa kunyamazisha uwe mwembamba, na uwe na sababu pembeni, sawasawa na ruhusa.

Kurekebisha kulinichukua dakika kumi, mistari miwili ya ruhusa. Hakuna aliyeniona. Nilikuwa nimebakiza miezi minane nistaafu na jina langu lilikuwa zuri. Ningeweza kunyamaza, na nawaambia kweli, Jumamosi ile nilinyamaza. Nilifunga mlango nikaenda nyumbani, nikala, nikalala. Jumapili kanisani nilishindwa kuimba. Ibada ilipokwisha, badala ya kwenda chumba cha seva, nikaenda Kipkelion.

Mke wa Njoroge, Mama Wanjiru, alinipokea vizuri mpaka nikaona haya. "Karibu, Madam. Mzee ako ndani, lakini usishtuke vile nyumba iko."

Soketi zote za nyumba zilikuwa zimefunguliwa. Swichi zilikuwa zinaning'inia kwa nyaya zake, na bisibisi zimepangwa mezani juu ya gazeti. Njoroge alikuwa amepiga magoti pembeni ya kabati na tochi mdomoni.

"Kuna shida ya stima?" nikamuuliza.

Akatoa tochi. "Hapana. Nakagua tu." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Siku ile uliposema logi ni safi, nikajua basi ni mimi. Wewe hukosei hizo vitu, Madam. Nimekaa hapa nikijaribu kukumbuka nilishika waya gani, na sikumbuki. Sasa kama mikono yangu inafanya kitu na mimi sijui, hii nyumba niliifanyia wiring mimi mwenyewe. Wajukuu wanalala hapa."

Nilikaa kwenye kiti nikalia mbele yake, mtu mzima. Kisha nikamweleza yote: Jumapili zetu, mistari ya kunyamazisha, ukatazo wa Jumamosi, na kwamba nilikwenda nyumbani nikalala. Mama Wanjiru alisimama mlangoni na birika la chai bila kumimina.

Njoroge hakunifokea. Ingekuwa nafuu angenifokea. Aliokota swichi moja, akaitazama.

"Unaweza kuonyesha?"

"Naweza. Hata kesho nikuoneshe."

"Si mimi," akasema. "Mbele ya wale."

Jumatatu nikamwendea Bwana Rotich. Alinisikiliza, akafunga mlango. "Madam, si umerekebisha? Basi. Fundi tumwite arudi, tuseme kamati imemsamehe."

"Imemsamehe nini?"

Nikamwambia nataka kujaribu sera ya zamani siku ya kazi, malori yakiwepo, watu wakiona. Akasema nimerukwa na akili, nataka kukiaibisha kiwanda mara ya pili. Tulibishana mpaka karani wa mizani, aliyekuwa amefungua mlango kuleta karatasi za kusainiwa, akasema kwamba mizani ya zamani ya kuning'iniza bado iko bohari, na yeye anaweza kuitumia hiyo kupimia kwa asubuhi moja, jani lisiharibike. Rotich akamwangalia kama amemsaliti. Mwishowe akatupatia Jumatano, kwa muda wa saa moja tu.

Jumatano mlango wa chumba cha seva uliachwa wazi. Madereva walikuja, wapakiaji wakaja, na wakulima kadhaa waliokuwa wanasubiri gunia zao. Wale wa sauti ya chini walikuwepo pia. Njoroge alisimama kando ya kisanduku, mikono nyuma, na taa ya kijani kila mtu aliiona. Nikarudisha sera ya zamani, ile ile ya siku ya msiba, ila sasa bila kunyamazisha kitu. Nikaigandisha mashine ya kwanza makusudi, nikakunja mikono.

Ya pili ikangoja ile ya kwanza iachie, haikuachia. Ikajaribu kuizimia umeme. Taa ya kisanduku ikabaki kijani. Kwenye skrini ukatazo ukaandikwa. Nikausoma kwa sauti, nikawaambia kisanduku ni kizima, kilichokataa ni sera, na sera niliiandika mimi na nikaijaribu siku zisizo na kazi. Kisha nikaweka sera mpya. Safari hii kisanduku kikalia "tak", taa ikazimika, mashine ya kwanza ikanyamaza, na punde mizani ikaamka nje. Karani akapiga mluzi.

"Haya," Bwana Rotich akasema akiangalia saa. "Imeonekana. Fundi, rudi kazini. Wengine nyote, malori inangoja."

Watu wakaanza kugeuka. Njoroge hakuondoka pale ukutani.

"Madam," akasema, "isome tena."

"Ipi?"

"Hiyo line ya kukataa. Ulisoma haraka, na hawa wa nyuma hawakusikia."

Wote wakasimama, hata meneja. Nikairudisha skrini juu mpaka nikaufikia ule mstari. Nikausoma neno kwa neno, na nilipofika mwisho nikataja jina langu, la kwanza na la baba.